Mtungi wa Moto Usifungiwe Afisini



Maghala yanajaa tena, nasi twataka kusema juu ya ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Wengi wenu mnao. Twauliza: ni nani katika watu wa ghala lako aliyepata kuushika?

Twaanza na aibu yetu wenyewe. Msimu uliopita kaa la seredani ya chai liliangukia jamvi katika ghala la Chama. Mtungi ulikuwapo, lakini tulikuwa tumeufungia afisini kwa kuogopa wezi, na ufunguo tumeutia mfukoni tukaenda kusali Ijumaa. Mchukuzi mmoja aliuzima moto kwa ndoo mbili za maji. Alhamdulillahi, liliungua jamvi tu. Hatuna udhuru. Mtungi ukiibiwa hasara ni bei ya mtungi. Ghala likiungua, ni jasho la wachumaji na wenye mashamba wa msimu mzima. Sasa umetundikwa ukutani karibu na mlango, wala gunia haliegemezwi hapo.

Kuutumia si kazi ngumu. Simama hatua tatu au nne mbali na moto, mlango uwe nyuma yako. Vuta pini, elekeza mpira chini penye shina la moto, si kwenye ndimi zake, kisha bana mkono na kupeleka huku na huku. Lakini fanya upesi, maana mtungi wa unga wa kilo 6 haufiki hata nusu dakika. Ukiona moto umekupita kimo, au moshi umeshika dari, uache. Toka, funga mlango, waite Zimamoto. Hapana karafuu ya kufiwa na mtu.

Sisi wa karafuu tuna jambo letu zaidi. Unga wa mtungi huua ulimi wa moto, lakini hauingii ndani ya gunia. Karafuu kavu zikishika zaweza kufuka humo kimya kimya, watu wakaenda kulala wakidhani yamekwisha, na usiku moto ukaamka. Basi gunia lililoguswa na moto litolewe nje, lipasuliwe, limwagiwe maji mengi. Tumesikia wakisema maji yataharibu mali. Mali hiyo imekwisha haribika, bwana!

Maji hayo, hata hivyo, usiyamwagie mafuta ya taa wala petroli, kwani huelea juu ya maji na moto ukasafiri nayo. Wala usiyamwagie penye umeme. Na wenye mitungi ya hewa ya kaboni wasiitumie wakajikalia katika chumba kilichofungwa, maana hewa ile humnyima mtu pumzi. Wala wasishike pembe yake kwa mkono mtupu, huunguza kwa baridi.

Tazameni pia sindano ya mtungi wa unga kila mwezi: iwe penye kijani.

Anayebaki na ghala usiku ni mlinzi, mara nyingi mzee wa watu, naye ndiye hatukumfundisha. Jumamosi ijayo baada ya sala ya Alasiri tutawasha moto katika pipa kiwanjani nyuma ya ghala la Chama, na kila mtu ataushika mtungi kwa mkono wake. Mwenye ghala asije peke yake. Amlete mlinzi wake.