Mshono wa tumbo: Tusimlaumu mgonjwa peke yake



Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo akitokwa na ngiri kwenye kovu, neno la kwanza analosikia ni lawama: "Ulibeba ndoo!" Nami, afisa tabibu, nimewahi kumwambia hivyo mama mmoja kabla ya kumuuliza lolote. Nilimkosea.

Ngozi hufunga kwa wiki moja au mbili. Lakini nguvu ya tumbo imo katika utando mgumu mweupe ulio chini ya mafuta, nao huchukua miezi kukaza. Mwanzoni uzi ndio unaoushikilia. Kwa hiyo namna uzi ulivyopitishwa si jambo dogo.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 560 waliopasuliwa katikati ya tumbo. Wengine walishonwa kwa hatua kubwa za sentimita 1; wengine kwa hatua ndogo za milimita 5, uzi mwembamba ukishika utando peke yake. Baada ya mwaka, waliopata ngiri walikuwa 21 katika kila 100 kwa hatua kubwa, na 13 kwa hatua ndogo. Hatua ndogo ziliongeza dakika 4 hivi tu. Kanuni nyingine inayojulikana ni kwamba uzi uliotumika uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha: jeraha la sentimita 20, uzi sentimita 80.

Rai yangu ni kwamba urefu wa jeraha na wa uzi uandikwe katika faili la kila mgonjwa. Madrasa tulifundishwa itqan, yaani kuifanya kazi kwa ukamilifu. Dakika 4 za subira ni sehemu ya amana ya mpasuaji.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Sigara, kikohozi kisichotibiwa na unene huongeza hatari. Asibebe mizito mpaka daktari amruhusu, na akishindwa kusimama, aswali ameketi. Dini imempa ruhusa. Enyi waume na watoto, maji chukueni ninyi!

Mkiona usaha, majimaji ya rangi ya damu yakimwagika ghafla, au uvimbe unaouma pamoja na kutapika, kimbilieni hospitali siku hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.