Pengo la mita nne

Jamani, hivi ni nani aliyetudanganya sisi watoto wa mjini kwamba ua wa miti ukivunjika kipande, dawa yake ni tofali?

Nauliza kwa sababu ya mjadala unaoendelea kwenye ukoo wetu. Kwa bibi, Oldonyo Sambu, lori la mawe lilirudi nyuma vibaya likafyeka kipande cha ua wa minyaa. Dereva akasema pole, akaondoka. Limebaki pengo la kama mita nne, na kwa mtu mwenye mbuzi, sehemu yenye fisi, mita nne si mchezo. Kaka yangu anayeishi Njiro akaja na suluhisho: ng'oa minyaa yote, zungusha ukuta. Wajomba wakaunga mkono, michango ikaanza. Wiki ya tatu hii tunachangishana, pengo liko wazi, na mbuzi mmoja keshaliwa.

Hebu tupige hesabu. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali kama 10. Boma la bibi lina mzunguko wa mita 120 hivi, kwa hiyo ukuta wa mita mbili kwenda juu unataka matofali kama 2,400. Hapo hujagusa msingi, nondo wala fundi. Na maji je? Ukishika barabara ya Namanga, ukijani wa Ngaramtoni unakuishia njiani, unaanza kupishana na punda waliobeba madumu. Huo ndio upande mkavu wa Mlima Meru. Maji ya kumwagilia ukuta mpaka ukomae yatatoka kwenye dumu la nani?

Mnyaa haukuombi maji. Unakata matawi ya urefu wa mita moja hivi, unayaacha kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke pale ulipokata, kisha unayachomeka karibu karibu mvua zikikaribia. Basi. Tahadhari ni moja: ule utomvu mweupe ukiingia machoni ni balaa, kwa hiyo vaa miwani. Wakati unasubiri yashike, unaziba kwa matawi ya miiba. Ila miiba iwe ya muda tu, maana mchwa wanaila, na kila ukiirudia unakata mgunga mwingine, na migunga yenyewe inazidi kupungua.

Kule Simanjiro wafugaji wamekwenda mbele zaidi. Wanapanda miti hai iwe nguzo, halafu wanafunga wavu wa waya, na simba anabaki nje. Sijasikia mtu akiwaita washamba.

Halafu kuna hili linalonichekesha. Wamaasai mnyaa wanauita emanyara, na inaelezwa kwamba Ziwa Manyara lilipata jina kutokana na mmea huo. Mwaka 2002 Arusha ikamegwa, mkoa mpya ukaitwa Manyara. Yaani mkoa mzima umebeba jina la ua wa bibi, sisi tunauonea aibu!

Kaka anasema wezi. Kwa Njiro sibishani naye, kiwanja chenyewe kidogo na jirani hata jina humjui. Kwa bibi ukipiga yowe moja wanatoka watu pande zote. Nadhani ukuta huu tunaujenga ili tukienda Krismasi na magari, picha zipendeze.

Na mwenye ua hakuna aliyemuuliza. Nilipompigia simu juzi, baada ya shikamoo, akaniambia ua ule aliupanda na babu kwa mikono yao, na kwamba yeye hajaomba ukuta. "Mnizibie hapo tu, mjukuu wangu, nilale."

Jumamosi naenda na binamu wawili, panga na miwani. Matawi tunayakata upande wa pili wa ua huohuo, hayanunuliwi. Michango ya ukuta waendelee nayo, sijamzuia mtu. Kaka amesema minyaa isiposhika nisije kumlilia. Nimemwambia aje ashike panga kwanza.