KITUO CHA MAJITAKA KIPIMWE KWA SIKU KITAKAPOSIMAMA

MIJI yetu inapanuka, na kila inapopanuka uchafu wake nao unaongezeka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Ni sehemu ndogo tu ya watu hao wanaoishi katika nyumba zilizounganishwa na mabomba ya majitaka. Waliobaki wanategemea vyoo vya shimo na makaro, ambayo yakijaa huitiwa gari la kunyonya. Asiye na fedha ya gari husubiri mvua, akakitapisha choo chake usiku ili uchafu uende na maji mpaka mlangoni kwa jirani.

Mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi wengi wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini choo cha shimo kinafaa penye nafasi. Mahali ambapo nyumba zimebanana na maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo na kisima cha maji ya kunywa huwa majirani, na maradhi hayakosi njia. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kilienea hata katika mikoa mingine na kuua watu. Ugonjwa huo huenea kwa kinyesi kuingia katika maji na chakula.

Kwa hiyo tunasema wazi tangu mwanzo kwamba mabomba ya majitaka yanatakiwa, na vituo vya kuyasukuma majitaka hayo navyo vinatakiwa. Mwananchi anayesema kituo kijengwe, lakini kisiwe karibu na kwake, hajasema kitu. Uchafu wake mwenyewe lazima upite mahali fulani.

Hata hivyo, kukubali kwamba kituo kinatakiwa si sawa na kukubali kijengwe popote na kwa namna yoyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi unaoweza kuleta madhara ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Sheria hiyo ni nzuri. Jambo tunalotaka kulisisitiza leo ni moja tu. Tathmini ya kituo cha kusukuma majitaka isiishie kueleza kituo kitakavyokuwa siku kinapofanya kazi. Ieleze hasa itakavyokuwa siku kitakaposimama.

Yafaa kwanza ieleweke kituo hicho ni kitu gani. Majitaka husafiri katika mabomba kwa kuteremka yenyewe. Yakifika mahali pa chini ambapo hayawezi tena kuteremka kuelekea kwenye mabwawa au mtambo wa kuyasafisha, lazima yainuliwe. Hapo hujengwa kisima cha kuyapokea, chujio la kuzuia matambara na mifuko, na pampu za kuyapandisha kwa bomba hadi mahali pa juu yaanze kuteremka upya.

Msomaji ataona mara moja tatizo lilipo. Kituo hujengwa bondeni kwa sababu majitaka yote ya mtaa huteremkia huko. Lakini huko huko bondeni ndiko maji ya mvua yanakoteremkia, ndiko mto ulipo, na mara nyingi ndiko wanakoishi watu wasio na uwezo wa kununua kiwanja mlimani. Sababu inayokifanya kituo kihitajike ndiyo inayokiweka mahali ambapo hitilafu yake italeta madhara makubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kituo kinachohudumia watu 20,000, kila mmoja akitoa lita 80 za majitaka kwa siku, kitapokea lita 1,600,000 kila siku. Umeme ukikatika kwa saa 6, lita zipatazo 400,000 zitafika kisimani na hazitakuwa na pa kwenda. Kisima hakitengenezwi kiwe kikubwa cha kuhifadhi majitaka hayo yote, kwa sababu majitaka yakikaa huoza na kutoa gesi. Kwa hiyo hujaa kwa muda mfupi. Gari la kunyonya lenye kubeba lita 10,000 lingehitaji safari 40 kuyaondoa, nalo lingepita katika barabara ile ile iliyojaa maji ya mvua. Kabla gari hilo halijafika, majitaka yatakuwa yamekwisha kupita katika bomba la dharura kwenda mtoni, au yamefumuka kwenye chemba za mitaani.

Wala tusidhani kwamba mambo haya huwapata maskini tu. Agosti 14, 2003 umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini-mashariki ya Marekani. Mjini New York majitaka yasiyosafishwa yalimwagika katika maji yanayouzunguka mji, na watu wakakatazwa kuogelea. Karibu zaidi nasi, mvua kubwa za Aprili 2022 ziliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mjini Durban mvua hizo ziliharibu vituo vya kusukuma majitaka na mitambo ya kuyasafisha. Uchafu ukaingia mitoni na baharini, na fukwe zilizokuwa zikiwalisha wafanyabiashara wadogo na wenye hoteli zikafungwa kwa miezi. Watu wa Durban walikuwa na vituo kwa miaka mingi. Kilichowaumiza ni vituo hivyo kushindwa kwa pamoja siku ile ile vilipohitajika zaidi.

Sisi nasi tunayajua mafuriko. Desemba 2011 mvua za Dar es Salaam ziliua watu zaidi ya 40, na Bonde la Msimbazi likawa bahari. Hivyo mtaalamu anayepima kituo kitakachojengwa katika bonde kama hilo hawezi kusema mafuriko ni jambo la bahati mbaya. Mafuriko ni sehemu ya mahali penyewe.

Kwa sababu hizo, tunaona kuna maswali ambayo tathmini yoyote ya kituo cha majitaka haina budi kuyajibu kwa tarakimu, na si kwa maneno ya jumla kwamba madhara yatakuwa madogo na yatadhibitiwa.

La kwanza ni nguvu ya kituo chenyewe. Je, kuna pampu ya akiba inayoweza kubeba kazi yote pampu moja ikiharibika? Je, kuna jenereta, na ni nani atakayenunua mafuta yake mwaka wa tano, wafadhili wakiwa wamekwisha kuondoka? Je, pampu, swichi na jenereta vitawekwa juu ya kimo cha mafuriko yaliyokwisha kuonekana, au vitawekwa chini ili vizame pamoja na kisima?

La pili ni njia ya dharura. Kila kituo lazima kiwe na mahali pa kumwaga pampu zinaposhindwa. Mahali hapo paonyeshwe kwenye ramani. Kisha ielezwe ni nani walioko chini yake. Kando ya Mto Msimbazi watu hulima mchicha na mboga nyingine kwa kumwagilia maji ya mto huo, na mboga hizo huliwa mji mzima. Mto huo huishia baharini karibu na daraja la Salander, penye mikoko. Madhara ya lita 400,000 za majitaka hayaishii kwenye uzio wa kituo. Yanaweza kuishia kwenye sufuria ya mtu anayeishi mbali, ambaye hajui hata kwamba kituo hicho kipo.

La tatu ni harufu na gesi. Majitaka yanayooza hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa kidogo ni kero kwa majirani. Ikizidi ni sumu, na ubaya wake ni kwamba pua huacha kuisikia, ikamuua fundi aliyeteremka kisimani akidhani hewa imekuwa safi. Gesi hiyo pia hula saruji na vyuma. Tathmini iseme nyumba ya karibu iko mita ngapi, upepo unavuma kuelekea wapi, na mafundi watapewa vifaa gani vya kupima hewa kabla hawajateremka.

La nne ni njia nyingine. Wahandisi watueleze kama bomba lingeweza kupitishwa mahali pengine likateremka lenyewe bila pampu, au kama mtaa ungeweza kuwa na mabwawa yake ya kusafishia majitaka, kama yale ya Vingunguti. Huenda jibu likawa hapana, kwa sababu ya gharama au ukosefu wa ardhi. Lakini jibu hilo litolewe hadharani pamoja na hesabu zake. Na katika hesabu hizo iwekwe pia hasara ya kutofanya lolote, maana vyoo vinavyotapishwa kila masika navyo ni uchafuzi, ila tu haujawahi kuandikiwa ripoti.

Tukija kwa wananchi wenyewe, sheria inataka washirikishwe. Kushirikishwa si kuitwa kwenye mkutano, kutia sahihi karatasi ya mahudhurio na kurudi nyumbani. Mama anayeuza samaki karibu na mtaro anajua maji hufika kimo gani mwezi wa nne. Mzee aliyekaa bondeni miaka 30 anajua mto ulipita wapi kabla haujahamia ulipo sasa. Maarifa hayo hayamo katika kompyuta ya mtaalamu, na hayana malipo. Ni kuuliza tu. Ripoti nayo iwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, ubandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa mapema, kabla uamuzi haujafanyika.

Wanaodhani kwamba kusikiliza watu kunachelewesha maendeleo wakumbuke historia ya jiji letu. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kwa kesi ya mwaka 1988 kupinga jaa la taka lililokuwa likiwatesa kwa moshi na uvundo. Walishinda, na Halmashauri ya Jiji ilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka hapo, mahakama ilikataa. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Zile zilikuwa taka ngumu, na haya ni majitaka, lakini somo ni lile lile. Uchafu uliohamishwa bila kuwauliza wanaopelekewa haujaondolewa. Umehamishwa pamoja na ugomvi wake.

Tunataka pia kusema neno juu ya yale yanayofuata baada ya cheti cha mazingira kutolewa. Masharti ya cheti yakiwekwa kabatini hayana faida. Tunapendekeza kila kituo kiwe na daftari la wazi linaloonyesha saa ambazo pampu zilisimama, sababu yake, na kiasi cha majitaka kilichomwagika. Muhtasari wake ubandikwe kila mwaka katika ofisi za serikali za mitaa ya jirani. Kituo kiwe na king'ora cha kumwamsha fundi, na namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa getini, ili mwananchi anayeona chemba inafumuka saa nane za usiku ajue ampigie nani. Na mto ukiingiwa na majitaka, wakulima wa mboga na wavuvi waambiwe siku hiyo hiyo. Kuwaficha kwa kuogopa lawama ni kuwahatarisha walaji wote.

Itasemwa kwamba mambo hayo yataongeza gharama. Ni kweli. Pampu ya akiba ina bei, na jenereta ina bei. Lakini zisiponunuliwa, gharama hiyo haifutiki. Inatoka katika vitabu vya mradi na kuingia katika wodi za hospitali, katika bustani zilizoharibika na katika nyavu zinazorudi na samaki wasionunulika. Tofauti ni kwamba huko hulipwa na watu ambao hawakuulizwa, na hakuna anayeiandika.

Wakati umefika kwa wahandisi wetu, mamlaka za maji na wakaguzi wa mazingira kukubaliana juu ya kipimo hiki. Ripoti ya kituo cha majitaka isiyo na sura inayoeleza kituo kikisimama wakati wa masika, umeme ukiwa umekatika na barabara haipitiki, irudishwe kwa waandishi wake. Cheti kisitolewe mpaka sura hiyo iandikwe, na wananchi wa bondeni waisome kabla chepeo la kwanza halijagusa udongo.