Hesabu Madumu, Usihesabu Matundu

Kaka yangu anajenga baraza la mbao nyumbani kwake Mbezi Beach. Juzi alinitumia picha za jakuzi tatu nimchagulie: moja ina matundu 20 ya kurushia maji, nyingine 35, nyingine 60. Nikamwambia anahesabu kitu kisichofaa.

Jakuzi ya watu sita huchukua takriban lita 1,500. Hayo ni madumu 75, na maji hayo peke yake yana uzito wa tani moja na nusu kabla hajaingia mtu. Fundi wa baraza ameulizwa? Tena kila baada ya miezi mitatu au minne humwagwa yote, yakajazwa mengine. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, kaka huyohuyo alikuwa akiamka saa tisa usiku kukinga maji. Amesahau?

Sisemi maji ya moto ni dhambi. Candido Jacuzzi, mhamiaji wa Kiitaliano huko California, alitengeneza pampu yake kwa ajili ya mwanawe Kenneth, aliyeugua baridi yabisi. Ilianza kama tiba. Bibi yetu naye ana baridi yabisi. Anakandwa magoti kwa kitambaa na maji ya sufuria.

Kaka, kama ni lazima, nunua ndogo yenye mfuniko mzito, na wa kwanza kuingia awe Bibi. Kama ni ya kupigia picha, bahari ipo hapo chini, na haina mgao.