Siri Ilikaribia Kuliua Gitaa la Hawaii

Likitajwa jina la Hawaii, wengi wetu huona mashada ya maua shingoni, ufuo wenye minazi, na wanawake wa sinema za Marekani wakitikisa viuno katika sketi za majani. Ama muziki wa huko, tunaudhania kuwa ni ile sauti ya gitaa linaloteleza na kulia kama mtu anayeomboleza. Sauti hiyo si ngeni kwetu watu wa Mwambao, kwani imejaa tele katika nyimbo za filamu za Kihindi tulizozitazama tangu utotoni. Gitaa hilo la kulazwa mapajani na kusuguliwa kwa kipande cha chuma lilianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na mwenye kutajwa kwa ubunifu huo ni kijana mmoja aliyeitwa Joseph Kekuku. Lilizunguka dunia. Tau Moe na jamaa zake waliotoka visiwa hivyo walikaa Calcutta katika miaka ya 1940 wakilipiga na kulifundisha, na Wahindi wakalipenda, wakalitia katika filamu zao, nazo filamu zikatuletea sisi.

Lakini si gitaa hilo ninalotaka kulizungumza leo. Liko jingine, ndugu yake mkimya, ambalo halikusafiri. Lilibaki barazani na nyuma ya nyumba, likipigwa jioni baada ya kazi, na wenyewe huliita ki ho'alu. Maana yake ni kulegeza vikazio vya nyuzi.

Msomaji asidhani kuwa ni ala nyingine. Ni gitaa lile lile la nyuzi sita tunalolijua sote. Kilichobadilika ni mkao wa nyuzi. Katika mkao wa kawaida, ukizipiga nyuzi zote sita bila ya kushika popote, hutoka mchanganyiko usiopendeza. Mhawaii huchukua nyuzi tatu katika hizo sita akazishusha, na hapo ukipitisha kidole juu ya zote zikiwa wazi, hutoka sauti moja iliyotulia, kama watu walioafikiana. Huu ndio mkao maarufu kuliko yote, nao huitwa kwa jina la shamba la majimbi, kwani majimbi ndiyo chakula cha asili cha visiwa vile. Uko mwingine uitwao wa wahine, yaani wa mwanamke, na mingine mingi isiyo na jina. Mkao ukishapatikana, kidole gumba hushika zamu kwenye nyuzi nene, kikizipiga kwa kupokezana pasi na kukoma, na vidole vingine huchezea nyuzi nyembamba vikitoa wimbo, na mara kwa mara hugusa uzi kidogo tu hata ukalia kama kengele ndogo. Mtu mmoja akipiga, wewe uliye nje ya dirisha utaapa kuwa ni wawili. Wana neno lao la kuisifu sauti hiyo: nahenahe. Ni ulaini, utamu na upole kwa pamoja.

Asili yake ni kisa cha ng'ombe. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha wa Kwanza ng'ombe kuwa zawadi, na mfalme akaharimisha kuwachinja. Wakazaana, wakawa mwitu, wakavuruga mashamba ya watu. Hata ilipofika enzi ya Kamehameha wa Tatu, mnamo 1832 hivi, wakaletwa wachungaji hodari wa kupanda farasi kutoka California, wakati huo ikiwa ni nchi ya Mexico, wawafundishe wenyeji kazi ya mifugo. Wachungaji hao walikuja na magitaa yao. Inasimuliwa kuwa walipokwisha kurudi kwao waliacha baadhi ya magitaa hayo mikononi mwa wenyeji, bila ya kuwaachia mafunzo ya kutosha. Basi wenyeji wakazikaza na kuzilegeza nyuzi kwa masikio yao wenyewe, mpaka zikaafikiana na nyimbo zao za kale. Mimi sioni aibu yoyote katika asili ya namna hii. Wako wanaodai kwamba fani iliyokuja na mgeni si fani ya mwenyeji. Watu hao wangeulizwa udi wetu umetoka wapi.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Kwa muda wa karibu miaka mia na zaidi, mikao hiyo ya nyuzi ilikuwa siri. Kila ukoo ulikuwa na wake, na ukoo haukuutoa. Mpigaji akiliweka gitaa chini kwenda kunywa maji, huzilegeza nyuzi kwanza, asije mtu akalishika akaijua siri. Hata mtoto wa nyumbani hakuwekwa kitako akafundishwa. Alitakiwa atazame, asikilize, na afunge mdomo. Sisi tuliopita vyuoni, tuliohifadhi kwanza na kuelezwa maana baadaye, hatutaishangaa sana njia hiyo, nayo ina faida zake, kwani humpa mtu sikio kali na subira. Lakini chuoni mwalimu hakumficha mwanafunzi herufi. Huko Hawaii herufi zenyewe ndizo zilizofichwa.

Matokeo yakawa nini? Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893. Mwaka 1896 sheria ikaamuru kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kusomeshea shuleni, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Watoto wakakua hawaijui lugha ya nyimbo za babu zao. Mahoteli ya Waikiki yakataka nyimbo za Kiingereza zenye maneno mawili matatu ya kienyeji, za kuwafurahisha watalii. Ki ho'alu halikuwa na pa kutokea. Na huko nyumbani, kila mzee aliyefariki bila ya mtoto mwenye sikio, alizikwa na mkao wake.

Aliyelitoa nje ni mtu mmoja aliyeitwa Gabby Pahinui. Alizaliwa mwaka 1921, akakulia katika umaskini mjini Honolulu, na shule hakuifikisha mbali. Mwaka 1946 alirekodi wimbo wa Hi'ilawe, unaohusu maporomoko ya maji ya bonde la Waipi'o na siri ya wapendanao, na hiyo hutajwa kuwa ndiyo santuri ya kwanza iliyotoa ki ho'alu hadharani. Usidhani kwamba alitajirika. Kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa kutengeneza barabara za mji. Lakini nyumbani kwake Waimanalo, kila mwisho wa juma mlango ulikuwa wazi. Walikuja wapigaji wakubwa na wadogo, wakapiga mpaka alfajiri, na vijana wakakaa pembeni wakitazama vidole. Gabby naye hakuwa mwalimu wa kukaa na ubao. Ila aliacha watu watazame, na katika nchi ya siri, mwenye kuacha watu watazame amekwisha kufundisha.

Karibu na mwaka 1960 alijiunga na Eddie Kamae, mpigaji wa ukulele, wakaunda kundi la Sons of Hawaii. Huyu Kamae nampenda kwa sababu moja ambayo washairi wenzangu wataielewa. Hakutosheka na nyuzi. Alikwenda kwa bibi msomi, Mary Kawena Pukui, kuuliza maana za maneno ya nyimbo kongwe, na akamfuata mzee mtunzi Sam Li'a, wa upande ule ule wa Waipi'o, kuzipokea nyimbo kutoka kinywani mwake. Laiti angechelewa miaka michache, Sam Li'a angekwisha kufariki, kwani alikufa mwaka 1975.

Yuko na Ray Kane, aliyekulia Nanakuli, upande mkavu wa kisiwa cha Oahu. Alipokuwa mtoto alimsikia mzee mmoja akipiga pwani, akatamani kujifunza. Mzee hakuwa na haja ya kufundisha watoto, ila alipenda samaki. Basi Ray akawa anazamia baharini na kuchoma samaki kwa mkuki, akampelekea, na kwa samaki hao akalipia masomo. Watu wetu wa Lamu na Vanga watacheka, kwani wanajua bei ya changu ni nini. Mtoto huyo akaja kuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na baadaye mmoja wa magwiji wakubwa, hata mwaka 1987 taifa la Marekani likamtunukia heshima yake kuu ya wasanii wa jadi. Na alipokuwa mkubwa alifundisha watu pasi na kuwatoza samaki.

Mlango ulifunguka hasa mwaka 1973, alipotoa Keola Beamer, kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka ukoo mashuhuri wa muziki, kitabu cha kwanza cha kufundisha ki ho'alu. Mikao iliyokuwa ikifichwa kwa kulegeza nyuzi sasa ilikuwa imepigwa chapa, yeyote mwenye pesa ya kitabu aweza kuisoma. Miaka ya 1990 mpiga piano Mmarekani, George Winston, aliyefariki mwaka 2023, aliwarekodi wazee mmoja mmoja, gitaa peke yake, na maelezo ya mikao yakachapishwa pamoja na muziki. Sonny Chillingworth aliwahi kurekodiwa hivyo kabla ya kufariki mwaka 1994. Leonard Kwan alikufa mwaka 2000, Ray Kane mwaka 2008. Kama wangeondoka na siri zao kama walivyoondoka wazee wao, leo tungekuwa tunawataja kwa majina tu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kudharauliwa. Husemwa kuwa kitu cha ukoo kikitolewa sokoni hushuka thamani. Kwamba mgeni atajifunza mkao kwa kitabu, atapiga haraka na kwa ufundi, na ile nahenahe hataijua. Na kwamba faida itakwenda kwa wengine. Kwa watu walionyang'anywa ufalme na ardhi, kuficha mikao ya nyuzi ilikuwa ndiyo mali pekee ambayo hapana mtu angeweza kuitia saini na kuichukua. Nalielewa hilo vyema. Lakini naona wenye hoja hii wanachanganya mambo mawili, kulinda na kuficha. Anayelinda hujua ni nani atakayemwachia. Anayeficha hufikiri tu juu ya nani asiyemtaka, na mauti humkuta bado anafikiri.

Hapa Mwambao jambo hili tunalo. Nimewajua wapigaji wa udi na kibangala waliogeuza uso ukutani wanapotengeneza nyuzi, na watunzi waliofungia daftari zao sandukuni, wasimwonyeshe hata mjukuu. Daftari hizo nyingine ziliokotwa na mchwa. Sitataja majina, kwani jamaa zao wapo na wanasoma gazeti hili, nao wanajijua.

Hata hivyo, kufungua mlango si mwisho wa safari, na Wahawaii waliliona hilo wenyewe. Mwaka 2005 tuzo ya Grammy ya Marekani iliweka fungu maalumu la muziki wa Hawaii. Katika miaka saba ya fungu hilo, mara tano walioshinda walikuwa ni mikusanyo ya wapigaji wa ki ho'alu. Utasema ni furaha. Lakini wengi huko visiwani walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki, kwamba waimbaji wa lugha yao walikuwa wakipitwa, kana kwamba Hawaii ni vidole tu, haina ulimi. Fungu lenyewe likafutwa mwaka 2011 na kuchanganywa na mengine.

Na hapo ndipo mimi, kwa kuwa ni mtu wa maneno, huwa mkali kidogo. Gitaa hili tangu asili lilikuwa mtumishi wa wimbo. Gumba lilikuwa likimshikia mwimbaji mizani, kama vile tari linavyomshikia msoma kasida. Ukilisikiliza peke yake utastarehe, sikatai, lakini utakuwa umekaribishwa sebuleni na hukuonyeshwa mwenye nyumba. Kwa bahati njema, miaka ile ile ya 1970 iliyofungua mikao ya nyuzi ndiyo iliyofungua vinywa pia. Katiba ya mwaka 1978 ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuanzia mwaka 1984 zikafunguliwa shule za watoto wadogo zinazosomesha kwa lugha hiyo tupu. Mwaka 2017 Kalani Pe'a, kijana anayeimba na kutunga kwa Kihawaii, akaipata Grammy katika lile fungu la mchanganyiko.

Msomaji atakayetaka kuujua muziki huu, namshauri asianze na mikusanyo iliyoshinda tuzo. Aitafute Hi'ilawe ya Gabby, ile ya zamani yenye mikwaruzo, alisikilize gumba kwanza, kisha sauti ya mtu. Akishaizoea, amsikilize Ledward Kaapana, aliyekulia Kalapana, kijiji cha pwani ambacho hakipo tena, kwani mwaka 1990 volkano ya Kilauea ilikifunika kwa mawe ya moto, nyumba kwa nyumba. Mikao ya nyuzi ya huko Kaapana alikuwa ameshaipokea kwa wajomba zake, na amekwisha kuwafundisha wengine.