Dola imeshuka, bugari haijashuka: tusome mizani vizuri

Ku soko ya Kadutu kama ku soko ya Kamituga, ulizo ni moja tokea mwisho wa mwaka 2025: kama franka yetu imepata nguvu, sababu gani sahani yetu imepunguka? Ku radio, wakubwa wa Kinshasa wanafurahi. Ku kariere, wachimbaji wanalalamika. Wote wanasema ukweli, kila mutu kufuatana na feza anayopokea. Sisi wa sendika tumeona inafaa tueleze mambo hii polepole, juu kuna watu wanaotumia kelele ya dola ili kuficha wizi mwingine.

Tuanze na hesabu. Mwanzo wa mwaka 2025, dola moja ilikuwa karibu 2850 FC. Tokea mwezi wa kenda ikaanza kuteremuka, na mbele mwaka uishe ilikuwa chini ya 2400 FC. Tuseme jamaa moja ya Nzibira inapata dola 60 kwa mwezi mu kasiterite. Kwa 2850, ni 171 000 FC. Kwa 2400, ni 144 000 FC. Zimepotea 27 000 FC, na hakuna askari yeyote wa bariere aliyezichukua.

Franka ilipata nguvu namna gani? Sababu ya kwanza iko Katanga. Mu mwaka 2024 inchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na shaba inaleta dola. Sababu ya pili ni Banque Centrale. Tokea mwezi wa munane 2023 iliweka riba yake ku 25%, ili franka ikuwe ngumu kupatikana na bei ya vitu isiendelee kupanda. Mu mwaka 2025 ikauzisha pia dola kwa benki. Kitu kikiwa kingi ku soko, bei yake inashuka, hata kama kitu hicho ni dola. Mu mwezi wa kumi ilipunguza riba hiyo mupaka 17,5%, juu iliona kazi imefanyika.

Tusiseme kama siasa hiyo ni mubaya kwa kila mutu. Mwalimu, muganga na polisi wanalipwa franka. Yule mwenye kulipa nyumba ao minerval kwa dola, leo anatoa franka kidogo kuliko zamani. Lakini muchimbaji iko upande mwingine wa mutaro: anauzisha kwa dola, anakula kwa franka. Unga, sambaza, makala na moto, vyote bei yake ni franka.

Na sababu gani bei hizo hazishuki? Muchuuzi ananunua bidhaa wakati dola iko juu, anakataa kuuzisha kwa hasara. Hapa kwetu kuna zaidi: tokea AFC/M23 ilipoingia Bukavu mu Februari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafunga, na makaratasi ya franka yakawa machache na yenye kupasuka. Feza ikipita mu telefone, kila mukono unakata sehemu yake. Bei inapanda na moto, inashuka kwa miguu.

Tena watu hawaamini franka, na hawana makosa. Wazee wanakumbuka Desemba 1979, makaratasi ya zaire 5 na 10 yalipofutwa kwa siku chache. Wanakumbuka zaire mupya ya 1993, yenye ilikula milioni tatu za zile za zamani. Franka hii ilipoanza mu 1998, dola moja haikufika hata franka 2. Muchuuzi mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kupunguza bei juu ya wiki chache za furaha.

Paka hapa, tumezungumza bei moja tu, bei ya dola. Muchimbaji anaishi katikati ya bei mbili, na ya pili ni bei ya jiwe ku soko ya dunia. Wazazi wetu wa SOMINKI waliijua kwa uchungu. Mu mwezi wa kumi 1985, soko ya etani ya London ilisimama, na nyuma yake bei ikaanguka sana. Kamituga, Lugushwa na Shabunda hawakubadilisha kitu mu kazi yao: jiwe ilikuwa ile ile, jasho ile ile. Lakini kompanyi ikaanza kufa, na pamoja nayo hospitali na masomo yake.

Sasa tuweke bei mbili pamoja, juu ndipo siri iko. Mwanzo wa mwaka 2025, onsi moja ya zahabu ilikuwa karibu dola 2600. Mu mwezi wa kumi ikapita dola 4000. Ni kusema imepanda zaidi ya nusu. Fanya hesabu: zahabu iliyouzwa dola 100 mwanzo wa mwaka ilipashwa kuuzwa dola 150. Zamani dola 100 zilifanya 285 000 FC. Dola 150, hata kwa 2400, zinafanya 360 000 FC. Muchimbaji wa zahabu wa Kamituga ao Misisi alipashwa kula vizuri zaidi, hata kama dola imeshuka! Etani vilevile ilipanda. Bisie kule Walikale iliposimamisha kazi mu mwezi wa tatu 2025 juu ya vita, soko ya London ilitetemeka kwa siku chache. Dunia inatusikia sana tukisimama, lakini tukiuzisha haitusikii.

Basi negosian akikuambia, «Ndugu yangu, dola imeanguka, siwezi kuongeza», hiyo ni nusu ya maneno. Nusu ingine ni bei ya dunia, na hiyo hakutaja. Kweli naye ana mizigo: barabara mubaya, bariere, benki zenye kufunga. Kwa Kalehe kuna tena amri ya serkali ya Februari 2025, yenye iliweka machimbo ya kule na ya Masisi mu rangi nyekundu. Jiwe ya Numbi ao ya Nyabibwe ikakosa njia ya sheria, na jiwe bila njia inanunuliwa kwa bei ya uoga. Lakini ule muzigo wote, hauwezi kubebwa na mutu mwenye iko ndani ya shimo peke yake.

Ndiyo maana tunaomba mambo tatu, na kila koperative inaweza kuyaanza bila kungojea Kinshasa. Kwanza, kando ya kila mizani kuwe ubao wenye namba tatu za wiki: bei ya dunia, bei ya dola, na bei inayolipwa hapa. Mutoto yeyote wa secondaire mwenye telefone anaweza kuzitafuta.

Pili, deni iandikwe mu feza ile ilitolewa. Mutu aliyekopa unga ya 285 000 FC wakati ilikuwa dola 100, akilipa kwa dola ya 2400 FC, anatoa karibu 119. Kuna wenye walikopa bila kuandika, na sasa PDG wa shimo ao negosian ndiye anachagua feza yenye kumufaa.

Tatu, jamaa zinunue unga na mafuta kwa pamoja, ku jumla. Mama wenye kutwanga mawe wanajua kuchanga feza zamu kwa zamu. Akili hiyo hiyo inatosha kununua magunia.

Kwa Banque Centrale tuna neno moja. Franka yenye nguvu ni jambo nzuri, lakini nguvu hiyo ifike mupaka huku: na makaratasi mazima, na dirisha ya benki yenye kufunguliwa. Bila hiyo, ushindi wa Kinshasa utaendelea kulipwa na sahani ya Kivu. Na kwa sisi wenyewe: juma hii, mbele ya kuweka jiwe ku mizani, tuulize kwanza bei mbili.