Puli Haishikwi kwa Bati



Kuna neno tunalolisikia kila mara kutoka kwenye vinu vya posho, mashine za kupasua mbao na karakana: "Puli imechomoka." Likishasemwa, swali linalofuata huwa, "Nani alikuwa kwenye mashine?" Hapo ndipo tunapopinga. Swali la kwanza lafaa liwe hili: puli hiyo ilikuwa imeshikwa na kitu gani?

Wengi wetu twaendesha mashine bila kuonyeshwa jambo hili hata siku moja, basi na tulieleze. Puli hukaa juu ya shafti. Katika shafti umechongwa mfereji, na ndani ya tundu la puli umechongwa mwingine. Mifereji hiyo ikikabiliana, huingizwa kati yake kipande cha chuma cha mraba ambacho mafundi hukiita kii. Kii huzuia puli isizunguke peke yake na kuiacha shafti. Lakini kii haizuii puli isitembee kwenda nje. Hiyo ni kazi ya skrubu inayobana kutoka ubavuni, au ya bolti iliyoingia katika ncha ya shafti pamoja na washa yake. Ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na kimoja hakiwezi kushika zamu ya mwenzake.

Sasa mfereji ukilika, kii huanza kucheza. Kila mashine inapoanza na inaposimama, kii hugonga upande huu na upande ule, mfereji wazidi kupanuka, na mtikisiko ule walegeza skrubu. Bwana mwenye kinu aambiwa, asema fedha hakuna, ngojeni mwisho wa mwezi. Basi kijana wa kinu akata kipande cha debe, akikunja, akigongomea kando ya kii. Siku nyingine kii yenyewe yapotea, naye atia msumari. Mashine yanguruma, unga watoka, na watu wote wamsifu kijana kwamba ni fundi kweli. Baada ya wiki puli yacheza tena.

Na sisi wenyewe tuna sehemu katika sifa hizo. Tumemfanya mwenye kubahatisha kuwa shujaa wa karakana, na yule anayesema "mashine hii isimame" twamwita mwoga. Msumari haukufanywa kubeba nguvu ya mota. Ukikatika, puli yaachwa huru papo hapo. Mota nyingi za umeme hapa kwetu hupiga mizunguko kama 1,440 kwa dakika. Puli yenye upana wa sentimeta 20 juu ya mota hiyo, ukingo wake wakimbia mita 15 kwa sekunde, yaani kilometa 54 kwa saa. Hilo ndilo gari linalopita karibu na mkono wa mtu anayemimina mahindi, na mara nyingi kinga ya wavu iliondolewa zamani ili kumrahisishia yule wa debe kazi yake ya kugongomea.

Kuna kosa jingine lisiloonekana upesi, nalo limewachosha mafundi wazuri. Ncha ya shafti ikitokeza nje ya puli hata kwa unene wa ukucha, washa hulala juu ya shafti badala ya kukandamiza puli. Waweza kukaza bolti mpaka spana ipinde, puli haijashikwa. Dawa yake si nguvu ya mkono. Ni pete ya chuma iwekwe kati ya puli na washa, ili bolti ibane kinachotakiwa kubanwa. Kadhalika puli mbili zisizokaa katika mstari mmoja, au mkanda uliokazwa kupita kiasi, hulegeza kila kitu hata kikiwa kipya. Na puli iliyofungwa upya hutazamwa tena baada ya saa chache za kazi, mota ikiwa imezimwa na swichi kuu imefungwa.

Mfereji uliolika si mwisho wa shafti. Waweza kuchongwa mwingine upande wa pili, na kii mpya ni kipande kidogo cha chuma ambacho fundi yeyote wa jua kali mwenye tupa nzuri aweza kukilinganisha. Kwa hiyo anayesema "fedha hakuna" tumwulize ni fedha ya nini.

Maana puli ikichomoka na kupasuka, au mkanda ukikatika, fedha hupatikana mara moja: hutolewa katika mshahara wa mfanyakazi. Ndugu, jambo hili halina ruhusa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kusudi. Kii iliyolika haikulika kwa kusudi la mtu.

Nayo sheria ya viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951, enzi ya ukoloni, ilitaka puli na mikanda izungushiwe kinga. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 14 chasema mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri asimrudishe mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi yapasa iwepo kamati ya usalama.

Twajua kinu cha sokoni kina watu wawili, na pengine mmoja ni shemeji wa mwenye kinu. Kamati gani hapo? Twajua pia kwamba mtu mmoja akikataa peke yake ataambiwa mlango uko wazi. Ndiyo sababu twataka habari iandikwe: "Tarehe fulani, saa fulani, puli ya mashine fulani yacheza, nimemwarifu fulani." Nakala moja apewe msimamizi, ya pili mwakilishi wa chama. Karatasi hiyo ikiwapo, swali la "nani alikuwa kwenye mashine" huwa gumu kuuliza.

Wawakilishi wote wakague puli katika sehemu zao kabla ya mkutano ujao wa tawi, mashine zikiwa zimesimama: shika puli kwa mkono, isukume na kuivuta, izungushe huku na huku. Ikicheza hata kidogo, andika. Na wale waliokatwa mshahara kwa ajili ya puli au mkanda walete hati zao za malipo ofisini, hata kama ni za miezi iliyopita.